Rapeli ya korona: kadi iliyojaa na usalama wa kweli si kitu kimoja

Wamama wa Kivu na Ituri wanajua neno "rapeli" tangu zamani. Ni neno la siku ya kilo, kule kwenye santre ya afya. Mtoto anachanjwa akiwa na wiki 6, infirmiye anaandika tarehe kwenye kadi, mama anarudi wiki ya 10, kisha wiki ya 14. Hakuna mama anayesema dozi ya kwanza ilikuwa ya uongo kwa sababu tu ameambiwa arudi.

Lakini wakati wa korona, neno hilohilo lilipoelekezwa kwa watu wazima, lilisikika vingine kabisa. Kwenye masoko, kwenye vituo vya motari, nje ya makanisa, swali lilikuwa moja: kama ile sindano ya kwanza iko na nguvu, juu ya nini turudie? Na wale wenye walikubali kurudia walikuja na swali lao: mbona nimechanjwa mara mbili na bado nimegonjwa?

Maswali hayo mawili yanaonyesha fasi ambayo kazi iliharibika. Watu waliahidiwa usalama, lakini wachache tu walielezwa ni usalama wa aina gani, wa muda gani, na wa nani zaidi. Wamoja walijiona wamekingwa kwa kila kitu, wakagonjwa, wakasema wamedanganywa. Wengine walisikia homa siku moja kisha wakaapa hawatarudi tena. Hasara yake haikuishia kwa korona. Kila kampeni mpya yenye inafika mashariki mwa inchi, ikiwemo ile ya mpox, inakuta watu wenye bado wanakumbuka.

Chanjo yenye ilianza na mashaka

RDC ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 10 Machi 2020, kule Kinshasa. Chanjo ilianza kuogopwa hata mbele haijapatikana. Mwanzo wa Aprili 2020, daktari mmoja wa Ufaransa aliuliza kwenye televisheni kama jaribio la chanjo ya BCG dhidi ya korona halingefanyiwa Afrika. Siku hizohizo Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyeongoza mapambano dhidi ya korona nchini, alisema Congo iko tayari kushiriki kwenye majaribio ya chanjo. Watu walikasirika sana. Ilibidi afafanue kwamba Wakongomani hawatatumiwa kama panya wa majaribio.

Karibu mwaka mmoja nyuma yake, tarehe 2 Machi 2021, dozi karibu milioni 1.7 za chanjo ya AstraZeneca zilifika Kinshasa kupitia mpango wa COVAX. Zilikuwa zianze kutumiwa katikati ya mwezi ule. Wakati huo inchi nyingi za Ulaya zikasimamisha chanjo hiyo ili kuchunguza visa vichache vya damu kuganda, na Kinshasa nayo ikasimamisha. Kampeni ilianza tarehe 19 Aprili. Kisha serikali ikakubali kwamba dozi karibu milioni 1.3 zitolewe na kupelekwa kwa inchi zingine za Afrika, kwa sababu hazingeweza kutumiwa zote mbele ya muda wake kuisha. Rais Félix Tshisekedi mwenyewe alisema alikuwa na mashaka juu ya AstraZeneca. Alichanjwa Septemba 2021, na chanjo ya Moderna.

Kwa mtu wa Goma ao Beni aliyekuwa anafuata habari kwenye redio, mambo yalifuatana hivi: chanjo imefika, imesimamishwa, imeanza, imepelekwa kwingine. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na sababu zingine zilikuwa nzuri. Kuchunguza damu kuganda ilikuwa kazi ya kulinda watu. Kutoa dozi zenye zingeoza ndani ya furigo ilikuwa afadhali kuliko kuzitupa. Lakini sababu hizo hazikufika mbali kama vile uvumi ulifika. Kilichobaki vichwani ni kwamba hata wakubwa wanaogopa.

Na mashariki kulikuwa na mambo mengine. Tarehe 3 Mei 2021 ndipo Kivu ya Kaskazini ilimaliza mlipuko wa Ebola wenye ulitangazwa Februari mwaka ule. Tarehe 6 Mei hali ya kuzingirwa ilianza Kivu ya Kaskazini na Ituri. Tarehe 22 Mei volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye watu mamia ya maelfu walitoka Goma kuelekea Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda. Chanjo ya AstraZeneca ilikuwa ya dozi mbili, zenye kuachana wiki 8 mpaka 12. Mama mwenye anakimbia na watoto na godoro kichwani hawezi kuwa na wazo la tarehe ya dozi ya pili. Mwanzo wa 2022, RDC ilikuwa bado chini ya mtu 1 kwa 100 mwenye kumaliza chanjo ya korona.

Kampeni za 2022 na 2023 ziliongeza hesabu hiyo. Johnson & Johnson ilisaidia, kwa sababu ilitolewa kama chanjo ya dozi moja. Kwa watu wenye kuhamahama, dozi moja ilikuwa habari njema, na warele wa jamii walipita mutaa kwa mutaa wakisema: ni mara moja tu. Kisha mashauri ya kitaalamu yakabadilika. Tangu Desemba 2021 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikuwa linasema dozi ya pili ya Johnson & Johnson inaongeza kinga. Hivi rapeli ilifika kwa watu wenye walikuwa wameambiwa kwamba wamemaliza. Hapo ndipo rele alibaki peke yake mbele ya jirani zake, akijibu kwa neno ambalo hakulitunga.

Mwili unakumbushwa nini

Jibu la swali la "juu ya nini turudie" si gumu, kama mtu anapewa dakika 5 za kulieleza.

Chanjo si dawa yenye inabaki ndani ya damu na kupigana yenyewe. Ni funzo. Inaonyesha mwili sura ya adui, na mwili unatengeneza askari wake. Wiki za kwanza askari hao wako wengi sana. Miezi inavyopita, hesabu yao inashuka, kwa sababu mwili haulishi jeshi kubwa wakati hakuna vita. Lakini wanabaki wengine wenye kutunza kumbukumbu. Adui akirudi, wao njo wanaamsha jeshi upya. Rapeli inafanya kazi hiyo mbele adui hajarudi: inaongeza askari na inanoa kumbukumbu.

Kuko sababu ya pili. Virusi vya korona vinabadilika. Novemba 2021 wanasayansi wa kusini mwa Afrika walitambua aina mpya, Omikroni, yenye ilikuwa inawapata hata watu waliochanjwa ao waliokwisha kugonjwa. Ilikuwa kama mwizi aliyebadilisha koti: sentineli anamtambua, lakini anachelewa kidogo. Wakati huo watu wengi duniani wenye walikuwa wamemaliza dozi zao walipata korona, hata kama wengi hawakufika kulazwa.

Ushahidi mmoja wa karibu na Afrika yetu ulitoka Afrika Kusini, ndani ya utafiti wenye unaitwa Sisonke, uliofanywa kwa wafanyakazi wa afya. Zaidi ya wafanyakazi 69,000 walipewa dozi ya pili ya Johnson & Johnson kati ya Novemba na Desemba 2021, wakati Omikroni ilikuwa inapanda. Ndani ya wiki mbili za kwanza, kinga dhidi ya kulazwa hospitalini ilikuwa karibu 63 kwa 100. Nyuma ya wiki hizo mbili ilipanda, ikafika karibu 84 na 85 kwa 100 ndani ya mwezi wa kwanza na wa pili.

Hesabu hiyo inasema mambo matatu. La kwanza: rapeli ilifanya kazi, na ilifanya kazi ndani ya miili ya Waafrika, na chanjo ileile iliyotumiwa kwetu. La pili: haikufanya kazi siku ileile ya sindano, ilihitaji kama wiki mbili. La tatu, lenye wengi hawakuambiwa: kilichopimwa ni kulazwa hospitalini. Ni kusema, kati ya watu 100 ambao wangelazwa kama hawangechanjwa, karibu 85 hawakulazwa. Hakuna pale panaposema hawatapata hata kikohozi.

Kujisikia salama na kuwa salama

Kujisikia salama si jambo la kudharau. Infirmiye aliyeona wenzake wanakufa alihitaji kurudi kazini bila kutetemeka. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari, aliyekaa miezi mingi bila kwenda kanisani ao msikitini, alihitaji kutoka nje. Mtu mwenye hofu nyingi halali vizuri, hapokei wageni, na wakati mwingine anaogopa hata kwenda hospitali kwa ugonjwa mwingine. Kwa watu kama hao, rapeli ilirudisha pumzi, na ilikuwa haki yao.

Taabu ilianza pale kujisikia salama kulipopita usalama wenyewe. Mtu anachomwa sindano asubuhi, mangaribi anaenda kwenye matanga akiwa amejaa ujasiri, lakini mwili wake bado haujamaliza kujiandaa. Mwingine anakohoa, anasema haiwezi kuwa korona kwa sababu amechanjwa, analala chumba kimoja na koko yake mwenye miaka 80. Yeye atapona kwa siku tatu. Koko anaweza asipone. Chanjo ilipunguza hatari ya mtu kuambukiza wengine kwa muda fulani, lakini haikuimaliza, na zaidi sana nyuma ya Omikroni kufika.

Kuko pia upande wa pili: watu wenye walijisikia vibaya na wakadhani wameharibiwa. Mkono kuuma, homa, kichwa, uchovu siku moja ao mbili nyuma ya sindano, hayo yalikuwa ya kawaida, na mara nyingi yalimaanisha mwili unajifunza. Kama munganga anasema mbele ya sindano kwamba "kesho unaweza kusikia homa", homa ikija mtu anakunywa parasetamoli na kulala. Kama hasemi, homa ileile inakuwa ushuhuda wa sumu, na mutaa mzima unasikia.

Mashariki, kosa hilo lina hatari zaidi, kwa sababu malaria iko kila fasi. Mtu anaweza kuchanjwa Jumatatu akiwa tayari ameumwa na mbu wiki iliyotangulia. Homa inaanza Jumatano, familia inasema ni chanjo, wanangojea ipite. Homa inapaswa kupimwa, chanjo ao hakuna chanjo. Malaria inaua wakati watu wanabishana juu ya sindano.

Ukweli unaomba kusemwa pia kwamba hatari za chanjo si sifuri. Mara chache sana mtu anaweza kupata mzio mkali ndani ya dakika za kwanza, njo maana anaombwa akae hapo kama dakika 15 mbele ya kurudi. Kwa AstraZeneca na Johnson & Johnson, damu kuganda kwa namna isiyo ya kawaida kulionekana kwa watu wachache sana. Kuficha jambo hilo hakukusaidia mtu. Wenye kuwa na simu walilisoma kwenye WhatsApp, na kwa sababu hawakulisikia kwa munganga, walidhani kuko mengine mengi yanafichwa.

Usalama wa karatasi

Kwa wakaaji wa mipakani, rapeli ilikuwa na maana nyingine: kupita.

Mbele ya korona, Bariyeri Ndogo kati ya Goma na Gisenyi ilikuwa inapitwa na makumi ya maelfu ya watu kila siku, wengi wao wamama wenye kubeba nyanya, maziwa, samaki ndogo na viatu. Machi 2020 mipaka ilifungwa, na nyumba nyingi zikakosa mkate wa kila siku. Rwanda ilifungua tena mipaka yake ya nchi kavu Machi 2022. Wakati huohuo, ndani ya Rwanda, kuingia kwenye fasi za watu wengi kuliomba chanjo kamili, na chanjo kamili ilihesabiwa pamoja na rapeli kwa mtu mwenye muda wake umefika. Kwa wasafiri wa ndege, cheti na kipimo vilikuwa vimekuwa sehemu ya safari.

Hivi kadi ya chanjo ikawa kama jeto ya kuingilia. Mtu hakuuliza "rapeli itanikinga na nini?" Aliuliza "nikiwa nayo, watanipitisha?" Swali hilo ni la haki kwa mama mwenye watoto sita na mtaji wa dola 20. Lakini lilibadilisha maana ya chanjo. Masharti ya mipaka yalipoondolewa, sababu ya kuchanjwa nayo ilionekana imeondoka. Wenye walikuwa na hatari kubwa zaidi, wazee wenye hawavuki mpaka wowote, hawakuwahi kuwa ndani ya hesabu hiyo. Kadi ziliwafuata watu wenye safari, na ugonjwa mkali uliwafuata wazee waliobaki nyumbani.

Ebola ilionekana, korona ilijificha

Wengine wanasema watu wa mashariki wanakataa chanjo kwa sababu hawana masomo. Historia ya karibu inapinga maneno hayo. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, mlipuko wa Ebola wa Kivu ya Kaskazini na Ituri ulipata watu 3,470, na 2,287 wakafa. Katika muda huo watu zaidi ya 300,000 walichanjwa na chanjo ya Ervebo. Haikuwa rahisi. Vituo vilishambuliwa, na Aprili 2019 daktari mmoja wa OMS aliuawa kwa risasi kule Butembo. Hata hivyo, watu wengi walinyoosha mkono.

Tofauti ni nini? Ebola ilionekana. Jirani aligonjwa, akafa ndani ya siku chache, na timu ikaja kuchanja wenye walimgusa na wenye waliwagusa hao. Mtu aliona ni hatari gani inazuiwa, na kwa nani. Korona ilijificha. Ilifanana na gripi, na vipimo vilikuwa haba. Juni 2020 Daktari Denis Mukwege alijiuzulu kuongoza tume ya mapambano dhidi ya korona ya Kivu ya Kusini, akilalamika kati ya mengine kwamba majibu ya vipimo vilivyotumwa Kinshasa yalikuwa yanachukua zaidi ya wiki mbili. Ndani ya wiki mbili mgonjwa amekwisha kupona ao amekwisha kuzikwa, na familia haijui alikufa na nini.

Lakini ugonjwa ulikuwepo. Utafiti uliofanywa Bukavu katikati ya 2020, kwa wafanyakazi wa afya 359, ulikuta watu 41 kwa 100 wako na alama za korona ndani ya damu. Wengi wao hawakujua kama waliwahi kuipata. Mtu anaweza kusoma matokeo hayo kwa njia mbili. Mmoja atasema: mnaona, walipata na hawakufa, chanjo ya nini? Mwingine atasema: virusi vilikuwa vimeingia hospitali kabisa, fasi yenye wagonjwa dhaifu wanalala. Njia zote mbili ziko na ukweli ndani yake, na rapeli inaomba zisikilizwe zote mbili.

Nani anahitaji rapeli, na nani hapana

Hapo ndipo mashauri ya OMS yalipofika. Tarehe 5 Mei 2023 shirika hilo lilitangaza kwamba korona si tena dharura ya kiafya ya dunia. Mbele yake, Machi 2023, wataalamu wake walikuwa wamekwisha kubadilisha mwongozo wa chanjo, kwa sababu watu wengi sana duniani walikuwa na kinga fulani, kwa njia ya chanjo, kwa njia ya ugonjwa, ao kwa zote mbili.

Kijana mwenye afya hakuwekwa tena mbele. Rapeli zaidi zilishauriwa kwa wazee, kwa watu wazima wenye magonjwa kama vile sukari na moyo, kwa wenye kinga ya mwili iliyodhoofika kama watu wenye UKIMWI wasiopata matibabu vizuri, kwa wanawake wenye mimba, na kwa wafanyakazi wa afya walio mbele ya wagonjwa. Muda uliopendekezwa ulikuwa miezi 6 ao 12 nyuma ya dozi ya mwisho, kufuatana na umri na hali ya mtu. Kwa mtoto ao kijana mwenye afya, kila inchi iliachiwa ipime faida na mahitaji yake mengine.

Kwa mashariki mwa Congo mwongozo huo una maana kubwa. Hapa mtoto mwenye hajapata chanjo ya surua yuko kwenye hatari kubwa kuliko kijana wa miaka 25 mwenye hana rapeli ya korona. Furigo, pikipiki ya kubeba chanjo, na mshahara wa infirmiye havitoshi kwa yote. Kusema kwamba kila mtu anahitaji rapeli ilikuwa kusema jambo ambalo watu waliona kwa macho yao si kweli. Kusema kwamba koko mwenye sukari anaihitaji kuliko mjukuu wake ni neno ambalo mutaa unaweza kulikubali, kwa sababu linafanana na maisha wanayoyajua.

Mpox ilikuta swali lilelile

Agosti 2024 mpox ilitangazwa kuwa dharura ya dunia, na Kamituga, kule Kivu ya Kusini, likawa jina lenye kujulikana mbali. Dozi za kwanza za chanjo zilifika Kinshasa mwanzo wa Septemba, na tarehe 5 Oktoba 2024 chanjo ilianzia Goma. Kwa kanuni, chanjo hiyo ya MVA-BN ni dozi mbili, zenye kuachana siku 28.

Siku 28 ni fupi kwa kalenda, lakini ni ndefu kwa mtu wa mashariki. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma, wagonjwa wa mpox walikimbia vituo vya matibabu, na mwezi uliofuata kambi za wakimbizi kando ya mji, kama Bulengo na Lushagala, zikabomolewa na watu wakatawanyika. Mtu aliyepewa dozi ya kwanza kambini alijikuta Masisi ao Kalehe, bila kadi, bila simu, bila kujua aulize nani.

Hii si mara ya kwanza. Novemba 2019, Goma ilipokea chanjo ya pili ya Ebola, ya Johnson & Johnson, yenye dozi mbili zenye kuachana siku 56. Korona ilipofunga mipaka mwaka 2020, kuwarudisha watu kwa dozi ya pili kukawa kazi ngumu, hasa wale wenye kuishi na kufanya biashara pande mbili za mpaka.

Ndani ya mambo haya yote kuko somo moja. Watu wanaitwa wakaidi kwa sababu hawarudi, lakini mara nyingi kituo chenyewe hakikubaki pale walipokiacha. Dozi ya pili ao rapeli inaomba mtu aamini mambo matatu kwa pamoja: kwamba yeye atakuwa hai na atakuwa karibu, kwamba kituo kitakuwa wazi, na kwamba chanjo itakuwa ndani ya furigo. Kwa Bukavu ao Bunia ya wakati wa amani, hilo linawezekana. Kwa kijiji chenye kimebadilisha watawala mara tatu ndani ya mwaka mmoja, ni jambo kubwa kuliomba bila kulitengenezea njia.

Njia hiyo haiombi mambo ya ajabu. Inaomba kadi moja yenye inakubaliwa kila zone ya afya, hata kama mtu alichanjwa upande mwingine. Inaomba infirmiye aandike jina la chanjo na tarehe kwa maandishi yenye kusomeka. Inaomba rele apewe maelezo mapya mbele ya watu kuyasikia kwenye simu, ili asidhalilike mbele ya jirani zake. Na inaomba mkuu wa zone aseme wazi siku chanjo imeisha, badala ya kuacha wamama wanangojea kwenye bara mpaka saa nane.

Maswali ya kumuuliza munganga

Mtu mwenye anaitwa kwa rapeli, iwe ya korona ao ya ugonjwa mwingine, ana haki ya kuuliza mbele ya kunyoosha mkono. Maswali matano yanatosha:

Chanjo hii inanikinga na nini: nisigonjwe kabisa, ao nisigonjwe vikali?

Itaanza kunikinga nyuma ya siku ngapi, na inadumu muda gani?

Mimi, na umri wangu na magonjwa yangu, niko kati ya watu wenye kuihitaji zaidi?

Nikisikia homa kesho, ni siku ngapi za kawaida, na ni wakati gani nirudi?

Nikihama mbele ya tarehe inayofuata, niende wapi na kadi hii?

Munganga mwenye anajibu hayo kwa utulivu anafanya kazi kubwa kuliko bango lenye picha. Na mwenye hana jibu la swali la mwisho asilaumiwe peke yake, kwa sababu mara nyingi hajapewa. Swali hilo linapaswa kupanda mpaka kwa zone ya afya, mpaka kwa provensi, na mpaka kwa wale wote wenye kuleta chanjo huku mashariki.

Kwa koko mwenye sukari na tansio, jibu la leo liko hivi: rapeli inaweza kumwepusha na kitanda cha hospitali, haitamwepusha na kila kikohozi, inahitaji wiki mbili, na nguvu yake inashuka na miezi. Akilijua hilo mbele ya sindano, akikohoa kesho hatasema amedanganywa. Atakaa mbali kidogo na wajukuu, na homa ikimshika, atapelekwa kupimwa.